Nani Amechimba Usiku? Somo juu ya Nungunungu, Muhanga na Kakakuona

Wakulima wa skimu wanawajua vizuri wezi wa mchana. Nyani huonekana, ndege husikika, na ng'ombe wa jirani ana mwenyewe wa kuulizwa. Mwizi wa usiku ni taabu nyingine. Mtu huamka alfajiri akakuta mistari ya viazi imefukuliwa, au shimo kubwa limefunguka kando ya boma mahali ambapo jana hapakuwa na kitu, na papo hapo jina la mnyama fulani hutajwa. Mara nyingi jina hilo silo. Mwenye shamba huchukua mbwa, mkuki na moshi, akaenda kumwua mnyama ambaye hajala hata kiazi kimoja, na yule mwizi hasa hurudi usiku wa pili kumaliza chakula chake.

Somo la mwezi huu ni la kuwatambua wanyama watatu wanaochimba usiku katika nchi yetu, na kuujua mwendo wao, ili kazi yako na fedha zako ziende mahali panapofaa. Nungunungu ni mwizi wa kweli. Muhanga hali mazao, ingawa mashimo yake yana hasara zake. Kakakuona hamdhuru mkulima hata kidogo, tena ni mnyama anayekaribia kwisha.

Kwanza jambo la sheria lisemwe wazi. Zamani watu waliweza kupata laiseni za kuwinda. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama hapa Kenya, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa ajili ya nyama, kutega mitego ya waya na kutumia sumu. Sheria hiyo haiulizi kama mnyama amepatikana ndani ya shamba ambalo hati yake unayo. Basi uwindaji tunaoufundisha hapa ni ule wa kuwinda habari za mnyama: anatoka saa ngapi, anapita wapi, anaacha alama gani. Mkulima ajuaye mambo hayo hahitaji mkuki.

MUHANGA

Muhanga ni mkubwa kama nguruwe wa kufugwa. Uzito wake huwa kilo 40 hadi 65, na wengine huzidi. Ana masikio marefu kama ya punda, mkia mnene, pua ndefu, na makucha mapana kama majembe madogo. Watu wengi wamezaliwa na kuzeeka karibu naye bila kumwona, kwa sababu mchana kutwa hulala shimoni, na mara nyingine huuziba mlango kwa udongo kutoka ndani. Hutoka giza likiisha kushika, akasimama kidogo mlangoni akisikiliza. Macho yake ni dhaifu, lakini pua na masikio ni hodari. Akiridhika hushika njia, pua chini, akienda huku na huku kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka, na kwa usiku mmoja aweza kutembea maili kadhaa.

Anachotafuta ni mchwa na siafu. Ulimi wake ni mrefu kiasi cha futi moja, nao una mate ya kunata. Akikuta kichuguu hukivunja upande mmoja, akala kwa muda, kisha akaenda kwenye kichuguu kingine. Hakimalizi kile cha kwanza, na usiku mwingine hukirudia. Kinywa chake hakina meno ya mbele wala chonge. Ana magego tu, na hayo hayafanani na ya mnyama mwingine yeyote. Mnyama wa namna hii hawezi kuguguna hindi wala kukata kiazi. Mmea mmoja tu unajulikana sana kwa kuliwa naye, nao ni tango la mwituni linalozaa matunda yake chini ya udongo. Hulichimba kwa ajili ya maji yake, na mbegu hutoka katika mavi yake ambayo huyafukia.

Sasa fikiri juu ya mchwa. Ni wadudu walewale wanaokata mahindi yaliyolala baada ya kukauka, wanaokula nguzo za boma na miti ya nyumba, na wanaomaliza majani ya malisho wakati wa kiangazi. Anayewapunguza kila usiku bila kuomba mshahara si mtu wa kufukuzwa kwa moshi.

Hata hivyo hatutaki kumsifu kupita kiasi. Muhanga akifuata mchwa hachagui mahali. Atachimba katikati ya njia ya trekta, chini ya boma, au katika ukuta wa lambo la maji, na hapo maji ya mvua yakipata njia yaweza kubomoa kazi ya miaka. Ng'ombe aweza kuvunjika mguu katika shimo lililofichwa na nyasi. Tena shimo akishaliacha hupata wapangaji wengi: ngiri, bweha, fisi, chatu, na huyu nungunungu tunayemjia sasa. Hapo ndipo muhanga anapopata jina baya. Mkulima hufuata njia ya mwizi wa viazi mpaka mlangoni, akatazama ukubwa wa shimo, akasema, "Hili ni la muhanga." Ni kweli, shimo lilichimbwa na muhanga. Anayelala ndani ni mwingine.

NUNGUNUNGU

Huyu ndiye panya mkubwa kuliko wote katika Afrika, kwa maana ni wa ukoo ule wa wanyama wagugunaji. Aliyekomaa huwa na kilo 10 mpaka 20 na zaidi. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, kwa hiyo hana budi kuguguna daima. Hula viazi, viazi vitamu, mihogo, karanga, maboga na mahindi, na wakati wa njaa huganda maganda ya miti karibu na ardhi. Mti uliomenywa kuzunguka shina lote hufa, na hasara ya mti wa matunda wa miaka minne ni kubwa kuliko ya debe la viazi.

Mlangoni mwa shimo lake utaona miiba iliyoanguka, na mara nyingi mifupa. Wako wakulima waliokuta mifupa ya ng'ombe mahali pa namna hiyo wakamshuku fisi, au wakamshuku jirani kwa uchawi. Nungunungu huikusanya mifupa mikavu na kuiguguna ili apate madini yaliyomo na kuyanoa meno yake. Itazame mifupa hiyo vizuri, utaona mifereji midogo ya meno, miwili miwili.

Dume na jike hukaa pamoja kwa muda mrefu, na watoto wao, mmoja hadi watatu kwa uzazi, huzaliwa na miiba laini ambayo hukauka upesi. Kwa sababu hiyo shamba likiingiliwa na mmoja, usihesabu mmoja. Hutoka giza likishika, kila mmoja akitafuta peke yake au wawili kwa pamoja, na hufuata njia zilezile usiku baada ya usiku hata njia ikawa kama ya mbuzi. Wanarudi shimoni kabla ya mapambazuko.

Watu husema nungunungu hurusha miiba kama mishale. Si kweli. Akitishwa husimamisha miiba na kuitikisa ile ya mkiani, ambayo ina uwazi ndani, nayo hulia kama manyanga. Asipoachwa, hugeuka na kurudi kinyumenyume kwa nguvu, miiba mbele ya adui. Hapo miiba hung'oka na kubaki katika mwili wa aliyemsogelea, naye huota mingine. Jambo hili si la kuchezea. Simba mla watu aliyeuawa Darajani mwaka 1965 alikutwa na mwiba wa nungunungu umezama puani mwake. Ikiwa simba amefikishwa hapo, mbwa wako atafanyaje? Mbwa wa kubweka karibu na nyumba ni msaada mkubwa. Mbwa wa kuingizwa shimoni ni mbwa wa kupotezwa, na aliyechomwa yafaa apelekwe kwa bwana mifugo kabla kidonda hakijatunga usaha.

KUSOMA ALAMA ASUBUHI

Nenda shambani mapema, kabla ng'ombe na watoto hawajapita. Ukikuta vishimo vifupi kwenye mistari ya viazi, vipande vilivyogugunwa vimetupwa kando, na alama za meno mapana kama za patasi, huyo ni nungunungu. Mahindi huyakata chini, yakaanguka, ndipo ayale magunzi. Wayo wake wa nyuma ni mpana na mrefu, karibu kama wa mtoto mdogo, na pengine utaona michirizi ambapo miiba imefagia mavumbi. Mavi yake ni marefu kiasi, yenye nyuzinyuzi za maganda.

Ukikuta shimo la kina kirefu limekwenda mshazari kwenye kichuguu au kwenye njia ya mchwa, udongo mwingi umetupwa nyuma, michoro ya makucha mapana kwenye kuta zake, na mmea wowote uliong'olewa umelala hapo bila kuliwa, huyo ni muhanga. Ndiyo tofauti kubwa kuliko zote: tazama kama kitu kimeliwa.

Wako wengine wawili wa kukumbuka wasije wakachanganywa na hawa. Nguruwe mwitu huja kwa kundi, hulima mstari mzima kwa pua, na kwato zake huacha alama mbili mbili. Fuko hatoki juu. Huvuta kiazi kutoka chini, shina likabaki limesimama mpaka linyauke, naye huacha vilima vya udongo laini. Wakulima wa nchi za baridi wanamjua sana, na mara nyingi hasara yake hutiwa katika hesabu ya nungunungu.

Ikiwa bado una mashaka, chukua majivu ya jikoni au mchanga laini, unyunyize jioni kuvuka njia unayoishuku, upana wa hatua mbili, ukausawazisha kwa tawi. Fanya hivyo hivyo mbele ya mlango wa shimo. Asubuhi utasoma nani ametoka, nani ameingia, na alielekea wapi. Fanya usiku tatu au nne mfululizo, maana usiku mmoja hautoshi kumhukumu mtu wala mnyama. Mlango wenye utando wa buibui haujapitiwa karibuni. Usiingize mkono wala kichwa shimoni, na uwakataze watoto, kwa sababu ngiri hutoka kwa kasi kama jiwe, na nyoka hatoi habari.

GIZA LA MWEZI

Hili ndilo jambo ambalo wazee wengi wa wawindaji walilijua, na wataalamu waliofuatia nungunungu usiku wamelithibitisha. Nungunungu hapendi mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu hutembea kidogo, au hungoja mpaka utue, au hukaa chini ya vichaka. Usiku wa giza huenda mbali na kwa uhodari.

Mkulima aweza kulitumia jambo hili bila kununua chochote. Siku ya mwezi mpevu, mwezi huchomoza jua likizama na kuangaza usiku kucha. Baada ya hapo hukawia kiasi cha dakika 50 kila siku. Siku tatu baadaye unachomoza kama saa tatu usiku, na baada ya juma moja kama saa sita usiku, maana yake nusu ya kwanza ya usiku ni giza tupu. Halafu giza huongezeka mpaka mwezi uandame, na mwezi mchanga hutua mapema. Kwa hiyo katika kila mwezi kuna majuma mawili ya hatari: kuanzia juma moja baada ya mwezi mpevu hadi juma moja baada ya mwandamo. Mlinzi alale majuma yale mengine na akeshe haya. Na kama viazi vyako vimekomaa wakati mwezi mpevu unaanza kupungua, usingoje siku ya soko, ving'oe. Tahadhari moja iwekwe hapa: mawingu mazito ni giza pia, na wakati wa kiangazi kikali njaa humtoa nungunungu hata kwenye mbalamwezi.

HESABU YA BOMA

Tuseme wawili wanafukua mashina 30 kwa usiku mmoja, na wanakuja usiku 14 wa giza. Hayo ni mashina 420. Viazi vilivyopandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30 ni mashina karibu 18,000 kwa ekari moja, kwa hiyo mwenye ekari nzima amepoteza sehemu ndogo sana, naye ajiulize kama inafaa kununua waya. Lakini mwenye kipande cha moja ya nane ya ekari ana mashina kama 2,250 tu. Huyo amepoteza karibu moja ya tano, na ikiwa kipande hicho ndicho cha mbegu ya msimu ujao, amepoteza zaidi ya hayo. Boma la waya ni la kipande cha mbegu, bustani ya mboga na miche, si la shamba zima.

Nungunungu hapandi vizuri, lakini huchimba na kuguguna. Waya wa kuku ni mwembamba mno kwa kazi hii. Tumia wavu wa waya mnene, urefu wa futi tatu juu ya ardhi, na futi moja chini yake, sehemu ya chini ikikunjwa kuelekea nje ili achimbapo akutane nayo. Nguzo ziwe karibu karibu, na lango liguse ardhi, kwa sababu boma zuri lenye lango la kuning'inia ni kazi bure. Vichaka vilivyo karibu na boma vifyekwe hatua kumi.

Kipande cha moja ya nane ya ekari kikiwa mraba kinahitaji waya wa mita 90 kukizunguka. Majirani wanne ambao vipande vyao vimegusana wakizungushia pamoja nusu ekari, watahitaji mita 180 zote, yaani mita 45 kwa kila mmoja badala ya 90. Gharama imepungua nusu. Mashamba mengi ya skimu yalipimwa marefu na membamba, yakipakana upande mrefu, na kwa hiyo bustani za majirani zaweza kuwekwa mgongo kwa mgongo mpakani bila shida. Shida huwa ni kupatana nani atafunga lango.

Miti ya matunda michanga ivishwe bati au wavu shinani, urefu wa futi mbili. Maboga na matunda yaliyoanguka yaokotwe kabla ya jioni, kwani ndiyo yanayomfundisha mnyama njia.

KAKAKUONA NA WAYA WA UMEME

Wakulima wengine sasa wanaweka boma la waya wa umeme, na ili kumzuia nungunungu huuweka waya mmoja chini kabisa. Hapo ndipo kakakuona anapouawa. Mnyama huyu mwenye magamba, mla siafu na mchwa, hutembea kwa miguu ya nyuma huku ameinama. Tumbo lake halina magamba. Waya ukimgusa tumboni hufanya alivyofundishwa na maumbile kwa kila hatari: hujikunja awe mpira. Hujikunja juu ya waya wenyewe, na umeme humpiga tena na tena mpaka afe. Katika nchi ya Transmara wako kakakuona wakubwa wa aina ambayo ni nadra sana Kenya, na nyaya hizi ni miongoni mwa hatari zao kubwa.

Basi mahali ambapo kakakuona wanajulikana kuwapo, waya wa chini kabisa usiwe na umeme. Tumia wavu wa kawaida tulioueleza. Ukimkuta amejikunja, usimpige wala kumfungua kwa nguvu. Mwache ajiondokee gizani, au toa habari kwa maofisa wa wanyamapori. Pengine atakuja mtu wa kukushawishi umwuzie magamba. Biashara ya kakakuona kati ya nchi na nchi imekatazwa duniani kote kwa uamuzi wa mwaka 2016, na adhabu ya hapa nyumbani ni nzito kiasi cha kummaliza mwenye shamba pamoja na deni lake.

KUZIBA MASHIMO

Shimo lililo katika njia ya ng'ombe au ukuta wa lambo hapana budi lizibwe, lakini lisizibwe na mnyama akiwa ndani. Akifungiwa, muhanga atatoka kwa kuchimba mahali pengine, pengine katikati ya ukuta. Weka majivu mlangoni na vijiti vyembamba vilivyosimamishwa kuvuka uwazi. Vikikaa usiku tano bila kuangushwa, shimo ni tupu. Tazama milango yake yote, maana mashimo ya zamani huwa na miwili au mitatu, na iliyo ya nyuma huwa ndani ya kichaka.

Jaza kwanza mawe makubwa hadi mahali mkono wa jembe unapofika, kisha udongo wenye kokoto, ukishindiliwa kila inchi sita. Kwenye ukuta wa lambo tumia udongo wa mfinyanzi, na kazi ifanywe kabla ya mvua za masika, wakati udongo una unyevu kidogo wa kushikana. Halafu kitafute kichuguu kilicho karibu. Kikiwa ndani ya ukuta, kichimbuliwe na malkia wake atolewe, la sivyo muhanga atarudi kuimaliza kazi hiyo mwenyewe. Mashimo yaliyo mbali na njia, kwenye malisho ya mawe au kando ya mto, yaachwe kama yalivyo, yawekewe kijiti chenye kitambaa cheupe ili mchungaji ayaone.

Nungunungu akizidi nguvu zako hata baada ya boma na ulinzi, peleka habari kwa ofisi ya Huduma ya Wanyamapori iliyo karibu nawe, na umpitie bwana shamba wako njiani. Chukua miiba uliyookota, kiazi kimoja chenye alama za meno, na karatasi uliyoandika tarehe za usiku aliokuja. Ofisa akiona tarehe hizo pamoja na giza la mwezi, atajua anazungumza na mtu aliyechunguza.